Mkunga na Kura Yake

"Ukimpa Mzee Miwani kura yako, hiki kitanda sikimalizi."

Fundi alisema hivyo randa ikiwa bado mkononi, maranda yamemjaa kichwani mpaka kwenye nyusi. Mkunga, aliyekuwa ameketi kwenye ncha ya meza ya kazi akining'iniza miguu, alidhani ni utani. Kitanda chenyewe kilikuwa chao, cha ndoa, na ndoa ilikuwa imebakiza siku kumi na tatu.

"Basi tutalala chini," akajibu. "Mgongo wangu umezoea shida."

Fundi hakucheka. Aliweka randa chini taratibu, akapangusa mikono kwenye suruali, na hapo Mkunga akajua kwamba Jumapili yao imeharibika.

Watu wote walimwita Mkunga, hata huyu mchumba wake, kwa sababu nusu ya watoto wa mtaa ule walikuwa wamepokelewa na mikono yake. Na Fundi alikuwa fundi seremala, mtoto wa seremala, mtu ambaye akiingia nyumbani kwako na kiti kikatikisika, haondoki mpaka kimetulia. Ndivyo walivyojuana. Aliitwa wodi ya wazazi kutengeneza vitanda viwili, akatengeneza saba. Kisha, bila kuombwa, akalitia mikono lile benchi la kungojea, ili mwenye mimba apate pa kushika akitaka kuinuka. Mkunga alipoiona ile mikono ya benchi alisimama akaitazama muda mrefu. Akajisemea, huyu ana mama aliyemlea.

Sasa kilichowagombanisha ni uchaguzi wa diwani, uliokuwa Jumatano. Wagombea walikuwa watatu. Wa kwanza Mzee Miwani, diwani wa siku zote, ambaye miwani yake hukaa kwenye paji la uso huku yeye akiitafuta mezani. Wa pili tajiri mmoja aliyeitwa Malori, aliyesema waziwazi kwamba wodi ya wazazi imekaa mahali pazuri pa biashara, ivunjwe iwe yadi ya magari, na wajawazito waende hospitali kuu ng'ambo ya mji. Wa tatu alikuwa Mwalimu wa hesabu, mtu safi kama maji ya mvua, ambaye hakuwa na hata bango.

Wodi ilikuwa hai kwa sababu ya Miwani. Mwaka uliopita barazani madiwani wenzake waliinua mikono ifungwe, yeye akagoma, akagonga meza mpaka miwani ikaanguka. Tangi la maji pale nje alilileta yeye. Lakini huyo huyo, miaka sita nyuma, ndiye aliyetia saini karatasi ya kusafisha kando ya barabara, na karakana ya baba yake Fundi, karakana ya miaka ishirini na nane, ikalala chini asubuhi moja. Aliahidi kiwanja kingine. Kiwanja hakikuonekana, na mzee akafariki kabla mwaka haujaisha.

"Baba alikuwa ndani anapigilia msumari wakati tingatinga linafika," Fundi alisema. "Alitoka na nyundo tu."

"Najua. Sikuambii Miwani ni mtu mwema. Nakwambia Malori akipita, wodi yangu inakuwa gereji."

"Kuna Mwalimu."

"Mwalimu namheshimu. Lakini nani atampa? Mama yako, na wanafunzi wake ambao umri haujafika."

Fundi alitaka kutabasamu, akalimeza tabasamu. Alisema yeye mwenyewe safari hii hatapiga kabisa, atakaa nyumbani. Hawezi kuchagua kati ya ugonjwa na ugonjwa mwingine.

"Mimi kazini ndivyo ninavyochagua kila siku," Mkunga alisema. "Dawa isiyokuwepo haitibu mtu. Natoa iliyopo, hata kama itamkera tumbo."

Fundi akaja akasimama mbele yake. Hakuwa na hasira tena usoni, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Sijawahi kukuomba kitu, Mkunga. Nakuomba hiki. Usiweke alama kwenye jina la mtu aliyemmaliza baba yangu. Ukiweka, sijui nitakuangaliaje."

Mkunga akashuka mezani, akamtoa kipande cha maranda kilichokuwa kimening'inia sikioni, akaenda zake.

Jumatatu kwenye simu yake uliingia ujumbe mmoja tu.

"Umekula?"

"Nimekula."

"Sawa."

Watu waliokuwa wakiandikiana mpaka chaji inaisha, sasa wanaulizana habari za kula kama majirani wapya. Mkunga aliisoma ile "sawa" mara nyingi kuliko neno lile lilivyostahili.

Jumanne baada ya zamu akapita kwa mama yake Fundi. Mama alikuwa mshonaji wa sare za shule, na alimkuta cherehani inalia, sketi za bluu zimepangwa mpaka kwenye kochi. Hakumuuliza amefuata nini. Alihamisha sketi, akamkalisha, akamvua viatu mwenyewe, maana aliona miguu imevimba kwa kusimama. Mkunga akajaribu kukataa.

"Tulia," Mama akamwambia. "Wewe unawashika wenzio siku nzima. Na wewe ushikwe."

Mkunga akamweleza yote. Mama alisikiliza bila kusimamisha cherehani, kisha akasema yeye kura yake ni ya Mwalimu, na hajifichi.

"Lakini Mama, unajua hatashinda."

"Najua, mwanangu. Watu wanafikiri mimi mshamba wa siasa. Mtu mwema akigombea, akapata kura tano, anarudi nyumbani anasema watu hawataki wema. Akipata mia mbili, atarudi tena. Mimi nataka arudi tena."

Mkunga alimtazama yule mama mwenye sindano mdomoni, akaona amemkosea juzi kwa ule utani wake. Akamuuliza basi yeye afanye nini.

Mama akasimamisha cherehani.

"Hilo usiniulize. Mimi ni mama yake yule. Nikikujibu nitampendelea, hata nikijitahidi. Ndiyo maana sikujibu."

Jioni ile Mkunga alikaa kitandani kwake, kadi ya kupigia kura mapajani, akaifikiria kwa muda mrefu. Akampigia Fundi.

"Fundi, sitapiga."

"Hutampigia yule?"

"Sitapiga kabisa. Mwalimu siwezi, nitaona nimempisha Malori mlangoni kwangu. Miwani umeniomba nisimpe. Basi nitakaa."

Upande wa pili sauti ya msasa ikasita.

"Asante," Fundi akasema. "Asante sana, Mkunga wangu. Sitasahau."

Mkunga alipokata simu, alitegemea kujisikia mwepesi. Alijisikia kama mtu aliyemwachia mwenzake mwavuli, na mvua ni ya wote wawili.

Jumatano asubuhi, kwa kuwa yeye hakuwa na pa kwenda, aliwaambia wenzake wote wa zamu waende kupiga kura, atashika wodi peke yake. Matroni, mkubwa wao, mwanamke mnene mwenye macho ya kuona ndani ya mtu, alimuuliza na wewe je. Mkunga akasema hana haraka. Matroni akamtazama, akachukua pochi yake, akaondoka.

Saa tatu Fundi akafika na begi la vyombo. Alikumbuka kwamba mlango wa chumba cha kuzalishia ulikuwa unakwama, Mkunga aliwahi kuulalamikia. Alikuwa amekuja kushukuru kwa mikono, kwa sababu ndiyo lugha yake. Akaung'oa mlango wote, akautoa nje uani, akaulaza juu ya vigoda viwili aanze kuukwangua.

Na hapo hapo, kama ilivyo kawaida ya watoto, mmoja akaamua kuja.

Mama yake aliletwa na pikipiki. Alifika getini akashindwa kushuka, akawa amemshika dereva shingo kama anataka kumnyonga. Dereva akaita watu, na mtu pekee uani alikuwa Fundi. Alitupa patasi, akambeba yule mwanamke mikononi mpaka ndani, akamlaza alipoelekezwa. Alipogeuka atoke, Mkunga akaona tundu tupu pale ulipokuwa mlango, na wanawake wengine wamekaa benchini wanatazama moja kwa moja.

"Fundi, mlango wangu uko wapi?"

"Uko nje. Nimeukwangua nusu."

"Basi mlango ni wewe."

Akamrushia shuka. Fundi akasimama pale kizingitini, kawapa mgongo waliomo ndani, kaishika shuka kwa mikono yote miwili iliyonyooshwa juu, akaziba. Akasimama hivyo dakika arobaini. Wanawake wa benchini walimtania, wakamuuliza kama anafungwa kwa ufunguo au kwa komeo. Yeye alitazama juu darini, jasho linamtiririka, hakujibu wala hakugeuka. Mkunga, katikati ya kazi, aliinua macho mara moja akaiona ile mikono inavyotetemeka nyuma ya kitambaa. Haikushuka hata kidogo.

Mtoto alikuja na kitovu kimemzunguka shingoni mara mbili. Mkunga alikitoa kwa vidole, akampangusa, akampulizia, akamgonga nyayo. Kukawa kimya kile ambacho wakunga hawakizoei hata wakikaa miaka mia. Kisha mtoto akalia.

"Ungekuwa bado njiani kwenda hospitali kuu, huyu tusingekuwa naye," Mkunga alimwambia yule mama kwa sauti ndogo. Hakulisema kwa ajili ya mtu mwingine. Lakini shuka haizuii sauti.

Alipomaliza kila kitu na kutoka kunawa, aliikuta ile shuka imepigiliwa misumari kizingitini, safi, imening'inia kama pazia. Mlango uko uani nusu umekwanguliwa, vyombo chini, na Fundi hayupo. Mkunga akashangaa. Mtu huyu hajawahi kuacha kazi katikati.

Saa nane kasoro alirudi. Akaenda moja kwa moja kwenye mlango wake, akaanza kukwangua bila kuingia ndani. Mkunga akamfuata uani, akaona kidole chake kidogo cha mkono wa kushoto kimefungwa bandeji nene, kubwa kama boga changa.

"Umeumia?"

"Patasi kidogo."

"Lete nione."

"Si kitu. Nimeshafunga."

"Fundi, mimi ndiye nesi hapa."

"Wewe ni mkunga. Mimi sijashikwa na uchungu."

Mkunga akacheka, lakini mkono alikuwa ameshaukamata. Akaiangalia ile bandeji. Ilikuwa imefungwa na mtu asiyejua kufunga, na haikuwa na tone la damu. Fundi akavuta mkono, yeye akaushikilia. Akaanza kuifungua, duara moja, duara la pili, Fundi amegeuza uso kama mtoto anayechomwa sindano.

Kidole kilikuwa kizima. Kilikuwa cheusi kwa wino mpaka kwenye kiungo cha kwanza.

"Ulinikataza mimi," Mkunga alisema.

"Nilikukataza."

"Ukaenda wewe."

"Nikaenda."

"Umempa nani?"

Fundi alikitazama kile kidole kana kwamba ni cha mtu mwingine.

"Miwani."

Mkunga aliketi kwenye ukingo wa ule mlango. Fundi akaendelea kusema, polepole, akichagua maneno kama anavyochagua mbao. Alisema pale alipokuwa ameshika shuka alisikia yote. Alisikia kile kimya.

"Mikono yangu ilitaka kukatika, na ni dakika arobaini tu. Nikajiuliza, wewe uko humu miaka tisa. Na mimi nimekwambia ukae."

"Na baba yako?"

"Baba ndiye aliyenituma, naona. Unajua kwenye paa, ubao uliopinda hatuutupi. Alinifundisha nikiwa na miaka kumi. Unaugeuza mgongo juu, halafu unaupakia uzito, na uzito unaunyoosha. Ukiulaza kinyume, paa linabonyea. Mbao zote hizo nimezipakia, Mkunga, sikuwahi kufikiri kwamba na mtu anapakiwa. Nikaona, nimemnyang'anya mwenzangu kura yake, acha nikairudishe. Nikafunga kidole ili Mama asione. Na wewe."

Machozi yalimtoka Mkunga, na hakuyaficha. Alijua maana ya kile kidole. Alijua yule mtu alisimama kwenye foleni akiwa na nyundo ya baba yake kichwani, akaenda mpaka mwisho. Yeye hakuwa na uhakika kama angeweza. Lakini alipopangusa uso, sauti yake ilikuwa imara.

"Fundi, umefanya jambo kubwa, na nitalikumbuka mpaka nazeeka. Lakini hukunirudishia kitu. Uliyopiga ni yako. Yangu bado umeikalia."

"Nilifikiri..."

"Ulifikiri kura ni sahani, ukiivunja ya mtu unamnunulia nyingine. Mimi nilikuwa na yangu. Niliiacha kwa sababu niliogopa hutaniangalia. Unajua tangu jana sijajipenda?"

Upepo ulikuwa unazungusha maranda miguuni pao. Mwishowe Fundi akauliza, "Sasa nifanyeje?"

"Usifanye kitu. Ondoka juu yake."

Fundi alipiga magoti pale kwenye vumbi la mbao, si kwa mbwembwe, ila ili macho yao yalingane.

"Nilikosa. Si habari ya Miwani. Nilikuomba kitu ambacho mtu haombwi. Nenda, mpe umtakaye. Mpe Mwalimu, usimpe mtu, mpe hata Malori, na Jumamosi ya wiki ijayo nitakuoa vile vile."

"Malori usinitukane," Mkunga akasema, na kicheko kikamtoka na machozi pamoja.

Foleni ilikuwa inafungwa saa kumi. Ilikuwa saa nane na nusu, na wodini hakuna mwingine. Akampigia Matroni.

"Matroni, samahani kukusumbua. Nataka nikapige kura."

"Nakuja," Matroni alisema. "Tangu asubuhi nashangaa nani amekufunga miguu."

Lakini Matroni alikaa mbali, na alikuja kwa miguu yake ya baridi yabisi. Aliingia getini saa kumi kasoro robo akihema, akavaa aproni, akamsukuma Mkunga nje. Walikimbia. Mkunga alikimbia na sare yake na makubazi ya wodini, Fundi nyuma amembebea pochi kwapani, watu njiani wanawapisha wakidhani kuna mgonjwa.

Pale shuleni foleni ilikuwa bado ndefu. Wanaume wawili walipoiona sare walitaka kumpitisha mbele, mmoja akasema huyu ndiye aliyempokea mwanangu, apite. Mkunga akawashukuru, akaenda mkiani. Baada ya dakika tatu askari mwanamke akaja akasimama nyuma yake, akasema foleni imeishia hapa. Mkunga alikuwa wa mwisho.

Foleni ilipita karibu na ngazi za darasa, na kwenye ngazi hizo alikaa mama yake Fundi na wazee wenzake, wameshapiga, wanapumzisha magoti. Fundi alipomwona mama yake akatia mkono wa kushoto mfukoni.

"Toa huo mkono," Mama akasema. "Huo si mkono wa mtu mwenye baridi."

Akautoa. Mama akakitazama kidole, akakitazama kwa muda, kisha akamtazama mwanawe.

"Nani?"

"Miwani, Mama."

Wazee wengine wakaona ni vizuri kuangalia kwingine. Mkunga, hatua nne kutoka pale, alishikilia kadi yake mpaka ikapinda.

"Baba yako alimchukia yule mzee miezi mitatu," Mama akasema. "Halafu akachoka. Kabla hajafa aliniambia Miwani si katili, ni mtu anayetia saini bila kusoma, akipewa karatasi na watu wanaojua kusoma. Sikukwambia. Niliona hiyo hasira ndiyo inayokuamsha asubuhi, nikaogopa nikiiondoa hutaamka."

Fundi akakisugua kidole kwenye suruali, wino haukutoka.

"Mimi sitampa kura mpaka naingia kaburini. Hiyo ni yangu. Wewe umempa, hiyo ni yako. Hebu njoo ukae, unatetemeka mikono." Akasogea, akamfanyia nafasi kwenye ngazi, akaichukua ile mikono akaanza kuikanda, mmoja baada ya mwingine, mbele za watu wote, kama alivyokuwa akifanya alipokuwa mwanafunzi wa baba yake.

Mkunga aliingia darasani mwisho kabisa. Karatasi ilikuwa na majina matatu. Akasimama nayo peke yake nyuma ya kile kiboksi cha kadibodi, na kwa mara ya kwanza tangu Jumapili hapakuwa na mtu mwingine ndani ya kichwa chake. Alifikiri kuiacha tupu. Alifikiri juu ya Mwalimu, na ile mia mbili ya Mama, na kidogo tu mkono uende huko. Kisha akaweka alama kwa Mzee Miwani. Hakumpenda kuliko jana. Aliweka alama kama anavyoandika cheti cha dawa, akijua madhara yake, akimjua na mgonjwa. Akachovya kidole.

Alipotoka, Fundi alikuwa amesimama langoni na pochi yake bado kwapani.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Twende basi. Nina mlango nusu pale, na Matroni akichoka kutumia shuka kama mlango nitamsikia."

Hakuuliza kingine. Walitembea njia yote, na Mkunga alingoja lile swali kila kona, halikuja. Alimpenda mtu yule hapo kuliko alivyompenda alipopiga magoti.

Ijumaa mchana matokeo yakabandikwa. Miwani ameshinda kwa kura sitini na tatu. Malori akasema atakata rufaa, hakukata. Mwalimu alipata mia mbili na arobaini, na Mama akasimama mbele ya ile karatasi, akairudia tarakimu kwa kidole.

Jumatatu asubuhi Fundi akavaa shati la kwenda mahali, akamfuata Mwalimu. Mwalimu alikuwa na orodha ya mafundi kumi na tisa waliovunjiwa karakana siku ile ya tingatinga, aliyoiandika kwa mkono wake kwa miaka sita bila kutumwa na mtu. Wakaenda na Mama ofisini kwa diwani. Mkunga aliwakuta huko baada ya zamu ya asubuhi. Mzee Miwani alikuwa amewapokea vizuri, amewapa viti, amesema jambo hilo ni zito na atalishughulikia. Ndipo Mama akatoa sketi ya bluu kwenye mfuko, akatunga uzi.

"Lishughulikie, baba. Sisi tunakungoja."

Alishona pindo za sketi nne. Watu waliingia na kutoka, wakimpisha miguu. Saa tisa Mzee Miwani akatoka, akashusha miwani kutoka kwenye paji la uso mpaka machoni, akakaa kwenye benchi lao, akaisoma ile orodha jina baada ya jina. Mkunga alimwona anavyochelewa kwenye jina la kwanza.

"Baba yako nilimkosea," alimwambia Fundi.

"Ndiyo, Mzee. Ulimkosea. Kura yangu haikufuta hilo."

"Najua haikufuta."

Akawaandikia barua ya eneo nyuma ya soko, kwa mwaka mmoja, akisema la kudumu lazima lipite barazani. Fundi alitaka kukunja uso. Mwalimu akasema mwaka mmoja unatosha kujenga hoja. Mama akakata uzi kwa meno, akasema mwaka ukiisha atarudi, sketi haziishi.

Harusi ilikuwa Jumamosi, ndogo, ya watu wanaojuana. Yule mama wa pikipiki alikuja na kichanga chake kimefungwa kwenye shuka ya wodi aliyosahau kuirudisha. Matroni alikaa kiti cha mbele, na watu walipokuwa wamechangamka akamgeukia bibi harusi kwa sauti ya ukumbi mzima.

"Haya, leo ni leo. Mkunga, ulimpa nani kura?"

Mkunga akamtazama mumewe.

"Hata mimi sijui," Fundi akasema.

"Mume gani wewe hujui?"

"Sijauliza, Matroni."

Wakamzomea kwa vicheko, wakamwita bwege, wakarudi kwenye nyimbo zao. Lakini Mama, aliyekuwa karibu, alimgusa mwanawe begani akapita.

Jioni, wageni wameondoka na viti vinasubiri kukunjwa, wawili wale walikaa kizingitini kwao wamevua viatu.

"Hutaki kujua?" Mkunga akamuuliza.

"Nataka sana. Nimekaa nalo siku kumi, linaniwasha."

"Mbona huulizi?"

"Nikiuliza utanijibu kwa sababu nimeuliza."

Mkunga akaangalia ile miguu yao minne kwenye kizingiti. Kisha akamwinamia sikioni, kwa hiari yake, akamwambia.

Fundi alisikiliza mpaka mwisho. Hakusema nimeshinda wala nimeshindwa. Alitikisa kichwa kukubali, akasema, "Nimesikia, mke wangu," wakainuka wakaanza kukunja viti.